Mwenzi wa Kwenye Simu

Jibu la mume liliingia kwenye simu saa tisa alasiri, na mume mwenyewe alikuwa kwenye kochi, mdomo wazi, anakoroma.

Mshonaji akaacha pedeli ya cherehani. Akasoma taratibu, kidole juu ya kioo, kama alivyofundishwa kwenye darasa la watu wazima: "Mwenzi wako amejibu. Sigara: hapana. Pombe: hapana. Usingizi: hapana."

Akacheka. Mtandao nao una mambo yake! Labda alijibu asubuhi, likachelewa njiani.

Ile programu ya simu waliipata kwa nesi wa kliniki. Mimba mbili zilikuwa zimeharibika, na nesi alisema, "Safari hii tunajiandaa kabla. Miezi mitatu, kila mtu na simu yake, maswali kila siku. Mtoto haandaliwi na mama peke yake." Jioni hiyohiyo ujumbe ukaingia: *Mwenzi wako anaomba kuunganishwa.* Mshonaji akabonyeza *Kubali* bila kumwita mtu amsomee. Moyo ulimjaa furaha. Mumewe, fundi gereji asiyejua a wala be, aliyekataa darasa akisema mti mkavu haukunjiki, kumbe anajifunza kwa siri!

Hakumuuliza. Aliogopa kumtia aibu.

"Kaka yangu ndiye anajibu hayo yote?" wifi yake alishangaa. "Huyu anayesahau viatu mlangoni kwa watu?"

"Watu hubadilika, wifi."

"Basi huyu kabadilishwa mzima!"

Wakacheka. Lakini kila saa tisa, jibu likiingia, chumba kilinuka majivu yaliyomwagiwa maji. Mwanzoni alidhani ni pasi ya mkaa. Akaitoa pasi nje. Harufu ikabaki, karibu na bega lake la kushoto.

Siku ya arobaini swali lilikuwa: *Umezungumza na mwenzi wako leo?*

Jibu: *Ndiyo. Namsemesha akishona. Hageuki.*

Mshonaji alitoka na simu mkononi mpaka uani, mumewe alikokuwa ananawa grisi.

"Mume wangu, ulimaanisha nini hapa?" akanong'ona.

"Wapi?"

"Kwenye majibu yako."

Fundi akatazama chini. "Majibu gani? Mimi kitu hicho sijakigusa. Ningejibuje? Jina langu lenyewe naandika kwa kubahatisha. Wewe umesoma, nikaona haya kusema."

"Usinitanie."

"Wallahi sijakigusa."

Ndipo mshonaji akakumbuka zile alasiri zote alizokaa ameinama kwenye cherehani, shingo wazi, akihisi pumzi ya joto akidhani ni jua la dirishani, akimeza vidonge vya nesi kwa sababu mwenzi alimkumbusha kwa ujumbe, akilala mapema kwa sababu mwenzi alimsifu, akiutunza mwili wake siku baada ya siku kwa ajili ya mtoto wa huyo aliyekuwa anajibu, ambaye yeye mwenyewe, kwa kidole chake, alimkubali.

"Ifute," fundi akasema kwa sauti ya chini. "Futa yote. Tuanze upya, mimi na wewe. Mume ni mimi."

Akafuta. Wakaiweka upya kwenye simu zote mbili. Mshonaji akamwonyesha mumewe pa kubonyeza kuomba kuunganishwa, na kidole cha fundi kikabonyeza. Simu ya mshonaji ilikuwa juu ya ndoo, hakuna aliyeigusa. Kioo chake kikawaka, kikazimika. Uani kukanuka majivu.

Simu ya fundi ikalia.

"Wamejibu!" akasema. "Umenikubali? Nisomee basi, mke wangu."

Kwa mara ya kwanza tangu ajue kusoma, mshonaji alitamani asingejua.

"Nisomee. Wamesemaje?"

Akasoma, herufi kwa herufi:

"Ombi limekataliwa. Mwanamke huyu ana mume."