Amplifaya ya Marehemu Ziro

Jua lilikuwa limekwisha kuinamia upande wa Kinango Mramba alipofika kwa marehemu Ziro, nje kidogo ya Ukunda, kuchukua amplifaya ya valvu.

Tangu alipostaafu uhadhiri wa fizikia, Mramba alikuwa akipima amplifaya kama wenzake wanavyocheza bao. Imani yake ilikuwa moja: sikio ni shahidi mlevi. Watu wakizisifu valvu, vile vichupa vya kioo viwakavyo kama makaa, kwamba zina sauti tamu, yeye huwajibu kuwa utamu huo ni kasoro iliyovaa kanzu ya Idi.

Rispah, bintiye Ziro, aliitoa imefungwa kwa kaniki.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, binti yangu."

"Baba alipopooza mkono mmoja alikuwa akipungia pepo kwa hii, badala ya ngoma." Akashusha sauti. "Kila pepo ana mdundo wake. Baba alijaribu huu, akajaribu ule, hadi mgonjwa aitikie. Lakini pepo akishaitwa haachwi njiani. Ngoma humalizwa."

"Mimi naipima tu, mama. Siichezeshi ngoma."

Nyumbani Msambweni, mkewe Jumwa alikuwa ameketi juu ya mbuzi, akikuna nazi. Aliiona ile kaniki, mkono ukasita.

"Baba Seth, hiyo si ya Ziro?"

"Ni chuma na kioo, Mama Seth."

"Ziro ndiye aliyenipunga nilipokuwa msichana. Kilicholala ndani yangu alikilaza yeye. Kirudishe chombo chake."

"Kesho, nikishapima."

"Na kikiamka?"

"Nitakipima nacho."

Alicheka peke yake.

Katika chumba kilichopakana na jiko aliiunganisha kwa mita zake. Hakuweka spika. Mahali pake alifunga kipingamizi kinene, ambacho humeza nguvu zote na kutoa joto tu, bila hata mnong'ono. Ndiyo maana hakuwa na hofu. Akaiwasha, akaingiza mlio mzito, akawa anaupandisha hatua kwa hatua, akisimama kila hatua kutazama kioo cha mawimbi. Hakutambua kwamba ndivyo Ziro alivyokuwa akitafuta mdundo wa pepo.

Harufu ya vumbi linaloungua ikapanda. Kisha... ubani.

Hakuna aliyefukiza.

Akapandisha mlio tena. Mstari wa kijani ukatetemeka, ukaanza kudunda. Mara mbili, pumziko. Mara mbili, pumziko.

Akachomoa waya wa mlio.

Mstari uliendelea kudunda.

Ni mvumo wa stima, alijiambia. Lakini mvumo wa stima haupumziki.

Ndipo akausikia. Chumbani hamkuwa na spika. Sauti ilikuwa ikitoka jikoni. Akaifuata.

Jumwa alikuwa bado juu ya mbuzi, macho wazi, midomo imefumba. Mdundo ulikuwa ukitoka kooni mwake.

Mramba alifanya lile ambalo kila mpimaji hulifanya chombo kinapoasi. Alirudi mbio, akaizima.

Valvu zikafifia. Kimya.

Alipogeuka, Jumwa alikuwa amesimama mlangoni.

"Mganga," alinong'ona kwa sauti isiyo yake, "mbona umeniita, ukaniacha njiani?"

"Mke wangu yuko wapi?"

"Amenipisha."

Mramba akapapasa swichi, akaibonyeza. Lakini valvu hazina haraka. Lazima zipate joto kwanza. Jumwa akapiga hatua. Vichupa vilikuwa vyeusi. Hatua nyingine... Pumzi yake ilinuka ubani. Nyuzi za ndani zikaanza kuwa nyekundu, polepole, kama sigara gizani. Vidole baridi vikamgusa shingoni...

Kisha valvu zikawaka sawasawa, na Jumwa akaanguka mikononi mwake.

"Baba Seth," alisema, akiangaza huku na huku, "nani amenimwagia nazi yangu?"

Asubuhi, Mramba alirudi kwa Rispah kuuomba mwisho wa ngoma. Rispah alitazama chini.

"Mwisho baba aliupiga kwa mkono wake ule uliobaki, mwalimu. Kwenye meza tu. Hakumfunza mtu."

Tangu siku hiyo ile amplifaya haijazimwa, kwani ikizimwa pepo ameachwa njiani. Mramba ameifungia betri, kwa kuwa stima ya Msambweni haina ahadi. Jumwa anapika, anatania, anauliza mbona kitu hicho kinalala kikiwaka. Mumewe hujibu kwamba anapima uimara wake.

Lakini valvu huisha kama utambi. Moja imeanza kufifia, na ya aina yake haitengenezwi tena popote alipoulizia. Kila jioni huipima, na kila jioni mshale wa mita hushuka.

Jana, adhana ya magharibi ilipomalizika, mshale ulishuka kuliko siku zote. Mramba aliiweka mita chini. Yeye ambaye hakuwahi kuliamini sikio, akatega sikio.

Jikoni, Jumwa alikuwa akikuna nazi.

Kwaru, kwaru... pumziko.

Kwaru, kwaru... pumziko.