Figo la Namba Saba

Siku ya kumi na tisa baada ya kupandikizwa figo la nguruwe, tumbili Namba Saba aliiacha ndizi yake sakafuni, akabandika sikio ukutani. Pyo Sun-im, aliyewalisha wanyama wa kituo kile cha utafiti kwa miaka kumi na mmoja, alidhani amesikia panya. Akampigia ulimi kumwita, wapi.

Roho ya Sun-im ilining'inia kwa tumbili yule. Akifikisha siku tisini hai, kituo kingeruhusiwa kuwapandikiza watu mafigo ya nguruwe wake, waliobadilishwa vinasaba ili mwili mgeni usiyakatae. Mumewe, Deok-bae, alikuwa wa pili kwenye orodha. Mafigo yake yalikwisha kitambo. Mara tatu kwa wiki mashine ilimsafisha damu, na akirudi alishindwa hata kuvua viatu mlangoni.

Kesho yake ikaja harufu ya nyama ya nguruwe inayochemshwa kwa tangawizi, tamu kabisa, katika jengo lisilo na jiko. Kisha miguno, mifupi na ya haraka, ile ambayo nguruwe jike huwaitia wanawe waje kunyonya. Ilitoka kwenye banda la mama wa nguruwe wale, na mama huyo alikuwa amekufa wiki iliyotangulia.

"Daktari, unasikia?" Sun-im alinong'ona.

"Mabomba hayo, dada." Daktari Seol, msimamizi wa utafiti, aliandika neno akalifuta.

"Mabomba hayaiti watoto."

"Punguza sauti basi. Watu wa wizara wako chini."

Ndipo Namba Saba akaguna kujibu, na nyuma yake Namba Tisa, na Namba Kumi na Mbili, wote waliobeba figo la nguruwe na hakuna mwingine, wakajipanga ubavu kwa ubavu na vinywa wazi wakinyonya hewa, huku harufu ikizidi kuwa nzito mpaka Sun-im akayahisi mafuta yake kwenye midomo yake mwenyewe, akayapangusa kwa kiganja.

Wakamwita mganga, Mama Ok-bun. Kwenye daftari la wageni aliandikwa fundi wa kuua mende.

"Mlipofungua jengo hili jipya juzijuzi mliweka nini mezani?" akauliza.

"Kichwa cha nguruwe," alisema Daktari. "Kama kila anayefungua duka huku kwetu, ili apate heri. Tulichagua kinachotabasamu, ndicho chenye bahati."

"Mkakipitisha wapi?"

Daktari akatazama viatu vyake. "Kwenye mabanda ya nguruwe. Mlango wa mbele ulikuwa na rangi mbichi."

"Wanawe mmewapasua, halafu mkampitishia kichwa kilichochemshwa, mkakiinamia mkiomba baraka. Kweli mmesoma."

Jike lile lilikuwa limeacha kula siku hiyo hiyo ya ufunguzi. Sun-im ndiye aliyelikuta limekufa.

Mganga alitikisa njuga zake mbele ya banda tupu kwa muda mrefu, jasho likimchuruzika.

"Naweza kumfukuza," alisema, "lakini ataondoka na kilicho chake. Tumbili hawa hawataliona jua likizama. Nikimwacha, basi kila litakakokwenda figo la wanawe, naye atakwenda."

"Ngoja, tushauriane kwanza," Daktari akaanza.

"Mwache," alisema Sun-im. Aliogopa, ila alipiga magoti, akainamisha paji la uso hadi sakafuni. "Mama, tusamehe. Kwetu kuna vyumba viwili. Njoo ukae. Mume wangu ni mtu mpole."

Njuga zikanyamaza. Uso wa mganga ukalegea, na sauti iliyomtoka ilikuwa nene, ya upole, ya mzazi.

"Analala upande gani?"

Sun-im aliwahi kuvitoa vitoto vingi vya nguruwe chini ya mama zao, vimebanwa ukutani na kulaliwa hadi kufa, na hakuna mama hata mmoja aliyekusudia. Alijua kwa nini anaulizwa: mama huyo angelala ubavuni mwa mumewe kama kwa mwanawe. Akamfikiria Deok-bae ameketi mlangoni, bila figo, na viatu asivyoweza kuvivua.

"Upande wa ukutani," akajibu.