Kilatini cha Mkono Uliovunjika

Foleni ya chumba cha plasta ilikuwa imefika nje ya mlango, na aliyeizuia ni mwanamume mmoja, shati lake la bluu limepigwa pasi upande mmoja tu.

"Hapa wameandika distal," alimwambia mfunga plasta, akionyesha fomu kwa mkono mzima. "Unajua limetoka wapi? Kilatini. Distare, kusimama mbali."

"Kaka, mimi najua liko wapi. Karibu na kiganja, mbali na bega. Kaa, watu wanasubiri."

Alikuwa mhariri wa kamusi, na aliudhi kweli. Lakini plasta ilipotolewa, dada wa watu, yule mfunga plasta, alijikuta hana tena sababu ya kumwona, akaumia. Alipoalikwa chai hakujivunga. Miezi minane baadaye alikuwa akimwita Kamusi wangu, na mama yake mzazi alishachoka kuuliza, "Huyo anaoa au anasoma?"

Ndipo ikaja barua ya uhamisho. Akapiga simu hapo hapo.

"Mpenzi, nimehamishwa. Ni safari ya siku nzima. Jumatatu naondoka. Unasemaje?"

"Kumbe unakuwa distal," alisema Kamusi. "Sasa, distare..."

"Nakuaga, wewe unanifundisha Kilatini?"

Akakata. Simu iliita mara kumi na moja, hakupokea. Loh! Mtu ana maneno elfu arobaini, lakini la kumzuia mpenzi wake hana.

Ijumaa Kamusi alimfuata kazini, anatweta. Wagonjwa wakatega masikio.

"Hukuniacha nimalize. Umbali huo hupimwa kuanzia pale kiungo kinapoungana na mwili. Kidole kiko mbali na bega, lakini ni cha mkono uleule. Kwa hiyo..."

"Kamusi! Nitakupiga na hii ndoo. Sema Kiswahili!"

Akakaa kwenye kiti cha wagonjwa.

"Nimeomba nikafanyie kazi hukohuko. Jana wamekubali. Nataka kukuoa. Naogopa kuishi bila wewe."

Mfunga plasta alimtazama, machozi yanamlenga na hasira haijaisha.

"Hilo lilikuwa na ugumu gani siku ile?"

"Nilikuwa nakuja nalo, mpenzi. Taratibu."

"Haya, nimekubali. Kesho twende kwa mama. Na ukitamka Kilatini mbele yake, naghairi."

Kamusi alijitahidi. Wote waliona jinsi alivyojitahidi.

"Ghairi," alisema, "limetoka kwenye Kiarabu."

Bandeji iliyolowa ilimpata usoni.