Gita Lisilolegea

Kilichomkera Zamoyoni kwanza ni kwamba gita lilifika likiwa limetuniwa.

Wewe usiyepiga gita utasema, ehe, si ndiyo vizuri? Vizuri wapi! Gita kuukuu, nyuzi zina kutu, limetoka Nyarugusu ndani ya gunia la katani, limetupwa juu ya marobota ya pamba, limerushwarushwa kwenye lori siku mbili katika barabara ambayo hata dereva anaitukana, halafu linashushwa Shinyanga, unaligusa, na nyuzi zote sita zimekaa mahali pake kama mtu katoka kuzikaza sasa hivi. Gita jipya la dukani haliwezi hivyo. Zamoyoni alikuwa na miaka kumi na minne katika kazi ile na hakuwahi kuona kitu hicho.

"Zuri," alimwambia mkewe Mwahija, lakini alilisema kama mtu anayelalamika.

Alikuwa na shida nalo, tusimwonee. Mwaka ule wa themanini na mbili hata sabuni ilipangiwa foleni, seuze gita la umeme. La kwake lilikuwa limeungua, na Bujiku, kiongozi wa bendi, alishamwambia mbele ya wenzake: "Jumamosi uje na gita. Huna, basi njoo na kiti ukae na wasikilizaji." Watu walicheka. Zamoyoni hakulala. Asubuhi akasikia kuna mchimbaji huko Nyarugusu, anaitwa Marselino, ana gita anauza. Akadandia lori.

Kwa Marselino alilikagua kama wapigaji wanavyokagua. Alifumba jicho moja akatazama kama shingo imepinda. Akapitisha kucha juu ya vichuma. Akalitikisa asikie kama ndani kuna kilicholegea. Umeme haukuwako, basi akafanya ile yetu ya siku zote: akauma pembe ya gita kwa meno, akapiga, ili sauti ipande kwenye mifupa ya kichwa. Ikapanda. Ilikuwa tamu mno, na hata alipolitoa mdomoni bado aliisikia.

Mlangoni alikaa mtoto wa kike wa Marselino, wa miaka mitano hivi, akivumisha sauti moja nyembamba bila kupumzika, nnnnn, mithili ya birika lililo jikoni. Zamoyoni akagusa uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko yote. Sauti ileile.

"Bwana we, mtoto wako ana sikio!" akacheka.

Marselino hakucheka. Mkewe, aliyekuwa akichambua dagaa pale uani, akainuka, akaingia ndani na kuubamiza mlango.

"Una mtoto?" Marselino akauliza.

"Mmoja. Wa kike."

"Lichukue."

"Bei gani?"

"Nenda kalijaribu. Likikupendeza, tamka kwa mdomo wako mwenyewe, 'Nimenunua.' Pesa nitaifuata."

"Hata kianzio nisikuachie?"

"Umekuja kununua au kunihoji?" Marselino akafoka. "Libebe uondoke kwangu!"

Zamoyoni akaondoka anajichekea moyoni, akidhani leo kakutana na bwege. Dereva wa lori ndiye aliyekataa gita lisikae mbele. "Hilo nyuma," alisema. "Huku mashimoni hata mluzi hatupigi, kila mchimbaji anajua. Yeye Marselino alikaa mdomoni mwa shimo akapiga hilo gita ili dhahabu itoke. Dhahabu ikatoka. Na mwenye dhahabu naye akatoka." Zamoyoni akamwambia aendeshe gari aache hadithi.

Nyumbani akaona uzi wa kwanza umeliwa na kutu, akautoa akaweka mmoja aliokuwa ameuficha koponi. Ule wa zamani hakuutupa. Enzi zile nani alikuwa na ubavu wa kutupa uzi wa gita? Mwahija alizoea kuzichukua nyuzi zilizochoka akatungia shanga, maana waya haukatiki ovyo. Siku ileile aliuokota, akaupangusa kwa majivu, akatunga shanga nyekundu na nyeupe na kumvika binti yao Chausiku shingoni, kisha akazisokota ncha kwa nyuma na koleo zikashika. Mtoto akafurahi, akaenda kujionyesha kwa majirani.

Siku ya pili ndipo harufu ilipoanza. Tope la chini sana, tope ambalo halijawahi kuona jua. Mwahija alideki chumba mara mbili, haikutoka.

Kisha Zamoyoni akaanza kusikia. Mfuniko wa sufuria ulianguka jikoni ukalia sauti ya uzi wa tano. Bawaba za mlango, ambazo miaka yote zilikuwa zikilia hovyohovyo, sasa zililia uzi wa tatu, sawasawa, bila kupungua wala kuzidi. Jogoo wa jirani aliyezoea kuchakarisha koo naye akawika ndani ya tuni. Mwingine angepita tu, lakini sikio la mpiga gita halina mlango wa kufunga, na kila kitu kilicholia mle ndani kilimwambia kwamba kuna mtu anaituni nyumba yake kitu kimoja kimoja.

"Baba Chausiku, lirudishe," Mwahija alimnong'oneza. "Linanuka."

"Nirudishe ili Bujiku anichezee?"

"Hujanunua bado. Kitu cha kujaribu kinarudishwa."

"Kwani wewe unajua nini cha magita? Kesho nanunua, na ukinuna, nuna!"

Chausiku aliwatazama wote wawili, huku akijikuna shingo.

Kesho yake ilikuwa Alhamisi. Jua lilikuwa utosini, saa ambayo hata mbwa wa mtaani wamejilaza na kivuli cha mtu kinakaa chini ya nyayo zake. Gita lilining'inia ukutani. Mwahija alikuwa jikoni, Chausiku ameketi mkekani anachezea vifuniko vya soda, na Zamoyoni amejiegesha kitandani bila usingizi.

Kri.

Alijua mlio ule. Ni kigingi cha kukazia uzi, kinapozungushwa kidogo.

Kri. Kri.

Akageuza kichwa. Hakuna aliyesimama pale. Kigingi cha uzi wa kwanza kilikuwa kinazunguka chenyewe, taratibu, kama kinavyozungushwa na fundi asiye na haraka, na kwenye mkeka Chausiku aliacha vifuniko vyake, akainua mikono yote miwili, akashika shingo.

"Baba," alisema, "shanga zinabana."

Zamoyoni aliruka pale akamfikia, akaingiza kidole chini ya shanga kikakataa kuingia, akamwita Mwahija alete koleo, na Mwahija akaja nalo mbio akiwa na unga mikononi, wakalibana kwenye waya nalo likateleza, wakabana tena likateleza, kana kwamba waya ule ule uliotungwa juzi na mikono ya mama ulikuwa umepakwa mafuta, na huku nyuma yao kri, kri, kri, na uso wa mtoto unageuka rangi, na harufu ya tope imejaa chumba hadi machozi yanawatoka, ndipo akili ikamjia akamwachia Mwahija koleo akarukia ukutani, akakishika kigingi kwa vidole vyote akakirudisha nyuma kwa nguvu, na Chausiku akavuta pumzi.

Moja tu. Kigingi kikasukuma upande wake. Zamoyoni akasukuma wake. Ngozi ya kidole gumba ikachanika, damu ikateremka kwenye shingo ya gita, na nyuzi, ambazo hazikuguswa na mtu, zikaanza kutikisika, na katika kutikisika kwake zikasema maneno, kwa ukali wa mchuuzi aliyechoka na mteja anayepapasapapasa bidhaa.

"Unanunua hununui?"

"A'udhu billahi!" Mwahija akalia. "Usijibu! Baba Chausiku, usimjibu!"

"Unajaribu mpaka lini?" nyuzi zikauliza. "Umeniuma kwa meno yako. Umenipigisha. Umenibadilishia uzi. Unanunua, ama nikaze?"

Kri.

Mtoto hakuwa na sauti tena. Miguu ilikuwa inapiga mkeka.

"Nimenunua!" Zamoyoni akapiga kelele. "Nimenunua! Nimenunua!"

Kigingi kikasimama. Ncha za waya zilizosokotwa kwa koleo zikajisokotoa zenyewe nyuma ya shingo ya mtoto, shanga zikamwagika sakafuni, na zote, nyekundu na nyeupe, zikaviringika kuelekea ukutani, zikatulia chini ya gita. Chausiku akakohoa, akalia, akamkumbatia mama yake. Zamoyoni akakaa chini pale pale na kidole kinachovuja, akacheka na kulia kwa pamoja. Mtoto alikuwa mzima. Alhamdulillahi, mtoto mzima.

Halafu Chausiku, kifuani kwa mamaye, akaanza kuvumisha. Sauti moja, nzito, nzito kupita kiasi kwa mtoto wa miaka sita. Ilikuwa ya uzi wa sita.

Shehe Hatibu aliitwa kabla ya alasiri. Alifukiza ubani, akasoma mpaka jasho likamtiririka, harufu ya tope ikapungua, ikaondoka. Lakini mtoto hakunyamaza. Shehe akalitazama gita muda mrefu.

"Ulitamka?"

"Nilitamka, shehe."

"Ah." Akafunga msahafu. "Mgeni ningemtoa, hata kama mkorofi. Huyu umemnunua kwa ulimi wako, mbele ya shahidi. Sasa ni mali yako, na yeye anajua."

"Nilichome moto?"

"Jaribu kwanza kulegeza nyuzi, uone."

Zamoyoni akalegeza uzi mmoja tu. Chausiku akalegea mikononi mwa mama yake, shingo ikalala, macho yakageuka. Akaukaza haraka. Hakuuliza tena habari ya moto.

Jumamosi alipiga, na ukumbi ulilipuka. Watu walicheza hadi viatu vikaachwa, Bujiku akamshika bega akamwita ndugu yangu. Yeye alitazama saa. Alikuwa anafikiria nyumbani tu.

Marselino hakuja kuchukua pesa yake. Zamoyoni alikwenda mwenyewe Nyarugusu, akakuta nyumba imefungwa, na majirani wakamwambia binti yule aliyekuwa akivumisha siku moja alinyamaza ghafla, akaomba uji, na wiki hiyohiyo familia ikahama. Siku yenyewe ni lini? Wakamtajia. Ilikuwa Alhamisi ile.

Alirudi akaanza kutafuta wanunuzi. Wenye magita wa Shinyanga wote walikuwa wameshasikia, wakimwona wanavuka barabara. Na mwezi wa pili sauti ya Chausiku ikapanda, ikawa uzi wa tano. Wa tatu, uzi wa nne. Hakuwa akila vizuri, mishipa ya shingo ilisimama, na alivumisha hata akinywa maji. Mwahija hakumlaumu mumewe kwa neno lolote, ila alihesabu kwa vidole, na Zamoyoni naye alihesabu. Mwezi wa sita sauti ilifika uzi wa kwanza. Na baada ya uzi wa kwanza gita halina uzi mwingine.

Mwezi ule ule, asubuhi ya jua kali, kijana mmoja alibisha hodi. Alikuwa na vumbi la safari hadi kwenye kope.

"Mwangaluka, kaka. Shikamoo. Mimi Maduhu, nimetoka Mwakitolyo. Nimesikia kuna gita."

"Marahaba," Zamoyoni akaitika, akaenda kulishusha ukutani.

Kijana alikuwa mchangamfu, hana makuu. Alifumba jicho moja akatazama shingo. Akapitisha kucha juu ya vichuma. Umeme ulikuwa umekatika, basi akauma pembe ya gita kwa meno, akapiga, na uso wote ukamng'aa. Zamoyoni alifungua mdomo amwambie kijana wa watu akimbie, asiangalie nyuma, na neno likafika hadi ulimini. Nyuma yake, mlangoni, nnnnn.

Maduhu akagusa uzi wa kwanza. Akatazama mlangoni, akacheka kwa furaha.

"Kaka, mtoto wako ana sikio!"

Zamoyoni hakucheka. Mwahija, aliyekuwa akichagua mchele uani, akainuka, akaingia ndani na kuubamiza mlango. Bawaba zikalia uzi wa tatu.

"Una mtoto?" Zamoyoni akauliza.

"Wawili," Maduhu akajibu, kwa fahari kabisa. "Mapacha."

Zamoyoni akainama, akaliokota gunia la katani, akaanza kulifungia gita ndani.