Mwandishi wa Habari za Pareto

"Sogea kidogo, mama, unaziba picha!"

Stesheni ya Nakuru ilikuwa imefurika siku hiyo ya mwaka wa hamsini na nane: wapagazi, abiria wa Kisumu, akina mama na vikapu vya kuku. Chepngeno aligeuka polepole. Alivaa gauni la manjano lenye mkanda mweupe, na kitambaa alikifunga kichwani kwa madaha.

"Nimefika hapa kabla yako. Sogea wewe."

"Mimi ni mwandishi wa gazeti," alisema kijana mwenye suti ya kijivu, akiinua kamera yake.

"Na mimi je? Unafikiri kalamu hii ni ya kuchania nywele?"

Naftaly Ogola alicheka mpaka treni ikaingia na picha ikampita. Mapenzi yao yalianza hivyo, kwa kugombea nafasi.

Kumbe wote wawili waliliandikia gazeti moja, Mwanga wa Bonde, lililochapwa Nairobi. Naftaly aliandika siasa, mpira na kesi. Chepngeno aliruhusiwa kuandika habari za keki na sabuni tu. Waandishi wengine wote walikuwa wanaume, na hakuna aliyeona ajabu. Mimi jambo hilo linanikera hadi leo.

Mvua zilipoanza, Chepngeno alikwenda Molo, kwenye shamba moja la pareto, yale maua ya kutengenezea dawa ya wadudu. Alichuma maua pamoja na wanawake wa hapo, nao wakamwambia yale ambayo wasingemwambia mwanamume: watoto wao wachanga walifungiwa stoo ya magunia mpaka kazi iishe, na mama zao walisikia vilio huku maziwa yakiwalowesha kifuani.

Habari za haraka zilisomwa kwa simu kutoka posta, na mhariri Waithaka alizipokea mwenyewe. Alipoisikia sauti ya Chepngeno alisema, "Mapishi lete kwa barua," akakata.

"Nisomee wewe," Chepngeno alimwambia Naftaly. "Lakini jina utaje langu."

"Kipenzi, nitalitaja mpaka waya ukatike."

Gazeti lilipotoka, habari ilikuwa ukurasa wa kwanza. Chini ya kichwa paliandikwa: Na Naftaly Ogola.

Chepngeno alimkuta hotelini, marafiki wakimpigapiga mgongoni. Alilibwaga gazeti juu ya chai yake.

"Mwizi!"

"Mpenzi, ngoja. Nililitaja. Waithaka akacheka, akasema hakuna atakayeamini habari ya mwanamke."

"Na wewe ukasema nini?"

Naftaly alitazama chai ikienea mezani.

"Nakuuliza, ukasema nini?"

"Ameniahidi kazi ya Nairobi, ofisini. Si ndiyo tutaoana? Tukioana jina litakuwa moja tu. Ogola ni wewe, Ogola ni mimi."

"Kwa hiyo umeniibia kabla hata ya kunioa! Hata mchumba huombwa kwanza."

Aliondoka. Naftaly alipiga simu dukani kwa mjomba wake Chepngeno kila jioni, na kila jioni mjomba alijibu, "Anasema hayuko." Ilimstahili. Mtu akinyamaza haki ya mwenzake ikichukuliwa, asiite kunyamaza kule upole.

Kisha wanawake wa Molo waligoma kuingia shambani. Nchi nzima ilitaka kujua yaliyojiri, na Waithaka akamtuma mwandishi wake shujaa. Naftaly alifika na tai yake nyekundu. Wanawake wakampa mgongo.

"Sisi tuliongea na Chepngeno," mmoja alisema. "Ogola ni nani? Tuliona jina lako tukajua ametuuza. Rudi kwenu."

Alirudi Nakuru viatu vimejaa tope, akaenda moja kwa moja hadi kwa mjomba na kusimama mlangoni.

"Wanadhani umewauza," alisema. "Ni mimi. Nisamehe, Chepngeno, niliingiwa na tamaa."

"Hilo nalijua. Una lingine?"

"Nenda kwao. Halafu twende posta, usome mwenyewe."

Chepngeno alikwenda Molo, akawaeleza, na wakamwamini. Mgomo ulikuwa umemlazimisha mwenye shamba kuifungua stoo. Kila mama alifunga mtoto wake mgongoni akaingia naye kwenye pareto. Hakuna mwandishi mwingine aliyekuwa na habari hiyo.

Posta palikuwa na foleni ndefu. Naftaly alishika simu kwanza.

"Ogola! Mitambo inangoja," Waithaka alipiga kelele. "Soma!"

"Sina habari, mzee. Mwenyewe yuko hapa."

"Akwambie, wewe unisomee."

"Sisomi."

"Basi sahau Nairobi! Sahau gazeti!"

"Nimesahau," alisema Naftaly, akampa Chepngeno simu.

"Andika jina kwanza," Chepngeno alisema. "Habari baadaye. Ukikata, nampigia jirani yako mwenye gazeti lile lingine."

Watu wa foleni waliacha kunong'ona.

"Jina nani?" Waithaka aliuliza hatimaye, kwa uchungu.

"Chepngeno Kipkemei." Alimtajia herufi moja moja, akamlazimisha azirudie. Kisha akasoma habari yote bila kupumzika.

Nje, Naftaly alikuwa ameegemea ukuta, tai amelegeza.

"Sina kazi tena," alisema. "Lakini bado nataka kukuoa."

"Bado nimekukasirikia."

"Mpaka lini, mami?"

"Mpaka nichoke. Na kwenye gazeti nitabaki Kipkemei, unasikia?"

"Nasikia. Na Ogola je?"

Chepngeno, hasira bado machoni, akamtwika kikapu chake.

"Hilo tutampa mtoto. Beba, twende."