Leo Utatoka, Hilaria

Jumapili ile Cletus alirudi kutoka kanisani, akala kiporo cha wali na maharage akiwa amesimama, kisha akafuta lenzi ya kamera kwa pindo la shati. Hakukuwa na mtu wa kumwambia kaa chini ule vizuri. Tangu mkewe Hilaria afariki, mvua za mwaka uliopita, kiti cha pili pale mezani kilikuwa cha kurundikia nguo. Nyumba nzima ya mtaa wa Majengo, pamoja na studio yake ya mbele, ilikuwa kimya mpaka unasikia mchwa wanavyotafuna dari.

Alikuwa mpiga picha, na si mpiga picha wa kubahatisha. Nusu ya Mpanda ya miaka ile ya sabini ilitundikwa kwenye kuta za watu kwa mkono wake: maharusi, watoto wa ubatizo, wafugaji wa Kisukuma waliotoka kuuza ng'ombe wakataka wapigwe na redio mapajani. Lakini ajabu ya Mungu, mke wake mwenyewe hakuwahi kutoka pichani. Si kwamba hakumpiga. Alimpiga sana! Picha hii kafumba macho, ile kageuza shingo, nyingine kacheka mpaka kajiziba mdomo, nyingine kacheza, katikisika kidogo tu, uso umebaki ukungu mtupu. Cletus akiwa ndani ya chumba cha giza anasafisha picha, mlango umekomewa mwanga usiingie, Hilaria alikuwa anakuja kusimama nje ya mlango na kuuliza kwa sauti ya chini, utadhani ni siri:

"Nimetoka?"

"Hujatoka, mama. Umecheza tena."

"Basi. Nitatoka siku nitakayotaka mwenyewe." Halafu huyo, anacheka anarudi jikoni.

Homa ilimchukua haraka, na siku ya mazishi hawakuwa na picha ya kuweka juu ya jeneza. Mume mpiga picha! Watu walinong'ona palepale msibani, na Cletus aliwasikia. Lakini kilichomtesa si maneno ya watu. Alikuwa ameanza kuusahau uso wa mkewe. Gauni alilikumbuka, kicheko alikikumbuka, ila macho yalikuwa yanampotea kidogo kidogo, na hilo lilimtisha kuliko kaburi lenyewe. Angetoa chochote, nasema chochote, Hilaria atoke kwenye karatasi mara moja tu.

Sasa, kaka yake Hilaria aliitwa Damiano, mpiga gitaa la solo na kiongozi wa bendi ya Misunkumilo Jazz. Walikuwa na dansi la mchana kila Jumapili katika ukumbi wa zamani wa wafanyakazi wa mgodi. Mgodi ulishafungwa siku nyingi, wazungu walishaondoka, na madirisha ya ukumbi yalipigiliwa mabati. Ukiingia saa tisa, jua kali nje, ndani unakuta giza la magharibi. Jenereta ilitosha vyombo vya muziki tu. Mwanga ulikuwa wa karabai mbili zilizoning'inia juu ya wanamuziki, na wachezaji walijijua wenyewe huko gizani.

Miaka yote Cletus alipiga humo bila flashi. Alisubiri wimbo wa taratibu, akaegemea nguzo, akabana pumzi, ndipo akafyatua. Hilaria alikuwa anamsindikiza. Alisimama kwenye nguzo ya nyuma kabisa, na gauni lake la njano lenye kola nyeupe, akicheza peke yake polepole.

"Njoo tucheze basi, hata wimbo mmoja."

"Niko kazini, mama."

Hawakuwahi kucheza hata huo mmoja.

Safari hii alikuwa na flashi. Ilikuja na treni kutoka Tabora, pamoja na pakiti ya zile balbu zinazowaka mara moja tu, pap, halafu zinaungua na kufanya malengelenge. Damiano alitaka picha kali za bendi za kubandika kwenye matangazo. Hata hivyo, alimvuta Cletus pembeni kabla ya kupanda jukwaani.

"Shemeji, usinimulike machoni katikati ya solo. Nikikosa nyuzi, hawa watanizomea mpaka Mwamkulu wasikie." Kisha akashusha sauti. "Na jingine. Leo tunapiga wimbo wa kumkumbuka yule dada yetu. Mwiko wa mama unaujua."

Cletus aliujua. Mama yao alikuwa nao tangu kwao Mpimbwe: marehemu hatajwi jina mahali ngoma inapolia. Kanisani sawa, msibani sawa. Penye ngoma, hapana. Sababu hakuwahi kuisema, na yule mama hakuwa mtu wa kuulizwa sababu.

"Mimi nimekuja kupiga picha," Cletus akasema. "Sikuja kuita watu."

Alianza vizuri. Alimpiga picha mpiga tumba, akampiga wa besi, akampiga Damiano kwa ubavuni kama alivyoombwa. Kila flashi ilipowaka, watu walionekana wamesimama ghafla, mikono juu, midomo wazi, kisha giza likarudi zito kuliko mwanzo na yeye mwenyewe akabaki haoni kitu. Ndipo ulipoanza ule wimbo. Wa taratibu, gitaa peke yake kwanza. Cletus aligeuka awapige wachezaji.

Pap.

Kwenye nguzo ya nyuma kabisa kulikuwa na gauni la njano.

Alisugua macho. Alipoweza kuona tena, nguzo ilikuwa nguzo, na giza lake. Alitaka kujiambia ni binti mwingine mwenye gauni kama lile, yapo mengi. Lakini kuna jambo alilolijua kwa kazi yake. Flashi ile haikuwa na nguvu ya kufika kule nyuma. Watu wote waliokuwa karibu na ile nguzo walikuwa vivuli vyeusi tu. Yule wa gauni la njano peke yake alikuwa na mwanga.

Akachomeka balbu nyingine. Pap. Mwanamke yule alikuwa ameiacha nguzo. Alikuwa katikati ya wachezaji, amesimama wima, na wao wanampisha bila kumtazama.

"Shemeji!" Damiano aliita kutoka jukwaani, midomo mbali na maikrofoni. "Bendi iko huku!"

Cletus hakugeuka. Aliogopa, tusidanganyane. Miguu ilikuwa inamwambia kimbia. Lakini mtu aliyekula mwaka mzima akiwa amesimama, peke yake, akimwona aliyekuwa anakaa kile kiti cha pili atakimbilia wapi? Akachomeka nyingine.

Pap.

Alikuwa mbele yake. Karibu kiasi cha kumgusa. Kola nyeupe, shingo, mdomo uliofungwa. Na macho kafumba. Kafumba vilevile alivyolazwa siku ya mazishi. Giza likarudi, na gizani Cletus akasikia harufu ya udongo uliolowa.

Ilibaki balbu moja. Alihisi uchungu mkubwa kuliko hofu. Tena? Hata sasa asitoke, kwa sababu ya macho? Akainua kamera kuelekea pale gizani, na maneno yakamtoka yenyewe, yaleyale aliyokuwa anamwambia kila mara studioni.

"Hilaria, fumbua macho. Usicheze. Leo utatoka."

Tumba ikakosa pigo.

Pap.

Alikuwa amefumbua.

Damiano alishuka jukwaani wimbo haujaisha. Alikuta Cletus amesimama katikati ya ukumbi, analia na kucheka kwa pamoja.

"Umesema nini, shemeji?"

"Nimempata."

"Umemtaja jina," Damiano alinong'ona. "Umemwambia atoke."

"Atoke kwenye picha, Damiano! Ni maneno ya kazi tu."

"Na yeye ameyasikia kama ya kazi?"

Cletus alikumbatia kamera akatoka mbio hadi Majengo, jua bado halijazama.

Chumba chake cha giza kilikuwa kidogo, hakina dirisha. Alijifungia, akatia komeo. Akasafisha filamu, akaikausha, akawasha taa ya chemli aliyoizungushia karatasi nyekundu, akaanza kuchapa. Karatasi zikaingia kwenye sahani ya dawa moja moja. Mpiga tumba akatoka. Besi ikatoka. Damiano akatoka vizuri kabisa. Ikaja ile ya nguzo ya nyuma. Nguzo tu. Ile ya katikati ya wachezaji. Watu wamepisha, katikati sakafu tupu. Ile aliyofumba macho. Hayumo.

Ya mwisho aliitikisa sahani kwa upole, anaomba chinichini. Ukatoka ukuta. Zikatoka sura za watu wa mbali. Pale palipokuwa na uso wake, hapana kitu. Cletus aliinama juu ya ile sahani akalia kwa sauti, maana ilikuwa ni kama kumzika mara ya pili.

Ndipo aliposikia nyayo kwenye korido. Taratibu. Zikasimama nje ya mlango.

"Nimetoka?"

Mlango wa mbele alikuwa ameufunga. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake.

"Cletus. Nimetoka?"

Aliitazama tena ile picha tupu. Kwenye karatasi hayumo. Na yeye alimwambia atoke. Hakumwambia atokee wapi.

Alijua kwamba angenyamaza, zile nyayo zingerudi zilikotoka. Hakuna aliyemfundisha, alijua tu. Na baada ya hapo? Kiporo. Mchwa kwenye dari. Kesho hivyohivyo, na keshokutwa.

"Umetoka, mama," akasema. "Umetoka vizuri."

"Fungua, basi."

"Mwanga utaingia."

"Huku hakuna mwanga. Kazi imeisha, Cletus. Njoo tucheze. Hata wimbo mmoja."

Akapeleka mkono kwenye komeo.

Asubuhi Damiano alikuja na mkewe, Theopista. Walibisha hodi mpaka majirani wakajitokeza. Waliuvunja mlango wa mbele. Mlango wa chumba cha giza nao waliukuta umefungwa, na komeo likiwa limetiwa kwa ndani. Wakauvunja pia. Damiano aliingia akiita shemeji, shemeji. Hakukuwa na mtu. Viatu vya Cletus vilikuwa sakafuni, vimepangwa sawa, kama vya mtu aliyevua ili acheze vizuri. Kando yake kulikuwa na balbu ya flashi iliyoungua. Damiano aliiokota na kuiachia mara moja. Ilikuwa bado ya moto.

Ndani ya beseni la maji ilielea picha moja. Theopista aliitoa, akaipeleka koridoni penye mwanga, akakaa chini kwenye sakafu bila kutaka.

Ilikuwa imepigwa mlemle, unaona sahani za dawa nyuma. Hilaria alikuwa anatazama mbele, macho wazi, ametulia, kila unywele unahesabika. Hapo ndipo wote wawili walipokumbuka jinsi alivyokuwa. Theopista akaweka kidole kwenye kola nyeupe ya gauni, palipokuwa na mshono wa uzi mweusi.

"Mimi ndiye niliyeshona hapa," alisema polepole. "Siku ya kumvisha azikwe. Kola ilikuwa imechanika, nikakosa uzi mweupe."

Pembeni ya Hilaria kulikuwa na mwanamume. Shati lilikuwa la Cletus, la kanisani. Mkono mmoja umemshika Hilaria kiunoni. Uso haukuwapo, ulikuwa ukungu uliovutika kwenda upande, kama wa mtu anayezunguka.

"Amecheza," Damiano akasema.

Theopista aliinua macho akatazama kile chumba kisicho na dirisha, komeo lililong'oka na mlango wake, na vile viatu.

"Huyu wifi ametoka," alinong'ona. "Shemeji je?"

Damiano aliifunika ile picha kwa kiganja.

"Hakutoka."