Nani Aliupunguza Mkate wa Mpwa Wangu?

Hii ni kweli tupu. Naapa kwa meno yangu manne yaliyobaki.

"Mwizi mkubwa wewe!"

Mkate ukatua puu mezani kwa mpwa wangu. Aliyeurusha ni mshonaji wa jirani, mteja wake wa miaka tisa.

"Umepandisha bei, tukanyamaza. Ukatuapia ukubwa ni uleule. Haya, huu ni mkate au kiberiti?"

Jamani, ulikuwa mdogo... Niliona sisimizi wawili wakiubeba bila kupumzika.

Watu wakajaa mlangoni. Mpwa wangu ni mjane, tanuri ndilo linalomlisha yeye na watoto watatu. Alisimama, mikono imejaa unga.

"Unga umepanda. Mafuta yamepanda. Kuni zimepanda kwa sababu lori linalozileta nalo linakunywa dizeli. Bei nimeongeza, sikatai. Lakini mkate, haki ya Mungu, sijaupunguza."

Ujue, yeye hatumii mizani. Tangu aanze, donge likifika nusu ya kopo la kuokea, basi, linaingia tanurini.

"Kwa hiyo mkate umekonda kwa mawazo?" mshonaji akauliza.

Watu wakacheka. Nami nikaona nimtetee.

"Ni unga wa siku hizi," nikasema. "Unasinyaa. Niliwahi kuona gunia zima likiingia kwenye kikombe."

"Mzee, kaa chini," mtu akanijibu.

Siku tatu hakuna aliyenunua. Mikate ikakauka rafuni mpaka ukiigonga inaitika.

Siku ya nne nikamkuta anachota majivu. Tanuri limepoa.

"Mjomba, nafunga. Kesho mnunuzi anakuja kulibeba hili tanuri."

"Vumilia kidogo, mwanangu."

"Nivumilie nini? Wanangu wanaitwa watoto wa mwizi. Hata mimi nimeanza kuishuku mikono yangu."

Akakaa juu ya gunia tupu, akalia bila sauti.

Wasomaji wangu, niliinama nikamsaidia kuchota majivu, nisimtazame usoni. Mnadhani ni huruma tu?

Mara akaingia mke wangu, na kopo langu la misumari mkononi.

"Mzee, hili si moja ya yale makopo ya kwanza uliyomtengenezea binti wa dada yako?"

"La zamani hilo, achana nalo..."

Akamwaga misumari yote sakafuni. Akachukua kopo jipya la rafuni, akalitumbukiza ndani ya lile la zamani.

Likaingia lote. Likabaki linacheza humo ndani.

Mpwa wangu akanigeukia.

"Mjomba?"

Ndiyo. Mimi ni fundi bati mstaafu. Makopo mapya niliyatengeneza mimi, miezi miwili iliyopita. Bati lilikuwa limepanda. Kumpandishia mpwa wangu niliona aibu, hasara nayo sikuitaka. Basi nikapunguza upana wa kidole kila upande, nikamtoza bei ya zamani. Akanishukuru mpaka akanipa mkate wa bure.

Nikaupokea.

"Ungesema tu bati limepanda," akanong'ona. "Ningekuelewa. Mimi ndiye nisingeelewa?"

Hilo liliniuma kuliko tusi.

Mke wangu akaita mtaa mzima. Nikakiri pale mlangoni.

"Ongeza sauti," mshonaji akasema. "Wa nyuma hawajasikia."

Nikaongeza.

Kisha nikang'oa bati jipya la paa la baraza yangu, nikagonga makopo kumi na mawili ya kipimo kamili. Mshonaji alisimamia na futi yake ya kushonea. Mnunuzi wa tanuri akarudi mikono mitupu. Bei ya mkate haikushuka, unga bado ghali. Watu wananung'unika, lakini wananunua.

Gharama ukiificha haipotei, ndugu zangu. Inamhamia mwenzako, naye anaibeba pamoja na jina baya. Semeni mapema.

Naandika haya barazani, mvua inaninyeshea kichwani. Mke wangu anasoma dirishani.

"Mzee, na wale sisimizi?"

"Kweli tupu."

"Mzee..."

Sawa. Walikuwa watatu.